Jinsi nilivyoyaelewa maagizo ya kusubiri angani

Kwa muda mrefu wa mafunzo yangu ya kuruka kwa kutegemea ala, niliweza kumrudishia mwongoza ndege maagizo ya kusubiri, yaani kuzunguka sehemu moja hadi uruhusiwe kuendelea, neno kwa neno, kisha nikaenda kuzunguka mahali pasipo pangu. Agizo lililonishinda lilikuwa fupi: subiri mashariki ya kituo cha VOR (mtambo wa redio wa ardhini unaoongoza ndege), radiali 090 (mmoja wa mistari ya kituo hicho, kwa nyuzi za dira), geuka kushoto, tarajia ruhusa nyingine saa 14:25. Nilisikia 090 nikadhani ndio mwelekeo wa kuingilia, nikamaliza mzunguko mzima magharibi ya kituo, ambako mwongoza ndege angeweza kuwa amempanga rubani mwingine.

Bahati njema tulikuwa kwenye kifaa cha kuigia urukaji. Mwalimu alikisimamisha, akanisogezea penseli na kuniuliza, “Mshale wako unaelekea wapi?” Kosa lilikuwa hapo hapo. Radiali huhesabiwa ikitoka kituoni, ilhali mguu wa kuingia, yaani upande ulionyooka wa mzunguko unaofuata mstari huo, daima huelekea kituoni, kwa hiyo aliye kwenye radiali 090 hurudi kwa mwelekeo wa 270. Tangu siku ile huanza kwa nukta ya kituo, nikavuta mstari upande uliotajwa, nikachora kichwa cha mshale kikiigusa nukta, ndipo nikakunja kona mbele yake. Upande wa kona usipotajwa, ni kulia.

Mchoro huo uliniondolea pia hofu ya namna za kuingia kwenye mzunguko mara ya kwanza. Nilikuwa nimekariri sekta za nyuzi 70, 110 na 180 (vipande vya duara kuzunguka kituo, kila kimoja na namna yake ya kuingia), nikihangaika kuzikokotoa huku ndege ikila maili 2 za baharini kila dakika. Tuliporudia zoezi nilikuja kutoka kaskazini-magharibi kwa mwelekeo wa 120, na karatasi ilionyesha kwamba mzunguko wote uko kusini ya mstari; nilichotakiwa ni kupita juu ya kituo bila kugeuka, kuendelea hivyo kwa dakika 1, kisha kukata kushoto hadi niushike mstari wa 270.

Upepo ulinisumbua zaidi. Katika mguu wa kutoka, yaani upande wa pili unaokwenda mbali na kituo, nilirekebisha mwelekeo kwa kiasi kile kile cha mguu wa kuingia, na kila mara kona ikanitupa nje ya mstari. Kumbe ndani ya kona ndege husukumwa bila marekebisho yoyote, na mguu wa kutoka ndio unaolipa deni la kona zote mbili. Nikihitaji nyuzi 5 kuingia, naweka takriban 15 kutoka.

Ile saa 14:25, ambayo ni ya UTC (saa ya kimataifa) wala si saa ya Kiswahili, niliiona pambo tu, mpaka mwalimu alipoizima redio katikati ya mzunguko na kunyamaza. Mawasiliano yakikatika, huo ndio wakati wa kuondoka pale kituoni. Sasa huiandika pembeni mwa karatasi kabla ya kuchora chochote, na mwongoza ndege asipoitaja, namwuliza.