Mto Ukianza Kupungua

Jumamosi, Januari, saa 3 usiku. Nimetoka kuvua samaki mtoni na vidole bado vina ganzi, kwa hiyo herufi zikipishana mnisamehe.

Dhoruba ilituingilia Jumatano. Mvua ya kila siku ya huku Oregon, Marekani, ni manyunyu tu, unaizoea kama unavyomzoea jirani mwenye kikohozi. Hii ilikuwa ile nyingine, ambayo watu wa hali ya hewa wanaiita mto wa angani: mkanda mrefu wa mvuke unajikusanya kwenye maji ya joto upande wa Hawaii, unavuka Pasifiki, na ukishagonga vilima vya pwani unamwagika wote. Alhamisi umeme ulikatika mara mbili. Mke wangu alikuwa anatafuta mishumaa. Mimi nilikuwa natafuta chaji ya simu, maana nilikuwa na kipimo changu cha kuangalia.

Kipimo chenyewe ni cha serikali. Kimefungwa kwenye mto Wilson karibu na mji wa Tillamook, na kinapima kimo cha maji kila robo saa na kukituma mtandaoni. Mke wangu anasema nakiangalia kuliko ninavyoangalia salio la benki, na hajakosea. Alhamisi mchana mto ulipita futi 10. Maji ya kiasi hicho ni uji wa udongo na magogo, hata bata anayakimbia. Ijumaa jioni, futi 7. Hapo nikampigia jamaa yangu wa Uvira, kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika.

"Kaka, iko inashuka?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Inashuka."

"Basi nitakuja saa kumi."

Saa kumi ya alfajiri, hiyo. Mtu huyu akiwa na miadi ya daktari anachelewa.

Nimekulia Pangani, kwenye nyumba ya mvuvi wa mshipi. Baba hakuwahi kuwa na kipimo cha kuangalia ila mwezi. Akiuona tu anajua ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapocheza kidogo tu, na saa ngapi maji yatakuwa yamesimama kwenye mwamba wake. Lakini wakati wa masika hata mwezi haukumsaidia. Mto Pangani ulikuwa unatapika udongo baharini, rangi ya chai ya maziwa, na ngalawa zilikaa mchangani siku nyingi. Samaki asipoona, hali chakula, baba alikuwa akisema, akaketi barazani kurekebisha ndoana zisizo na tatizo lolote. Kisha asubuhi moja anasimama, anatazama maji, anasema "yamekaa", na tunaondoka. Mimi sikuona tofauti. Nilikuwa na miaka kumi, kwangu maji yalikuwa maji.

Sasa nina miaka arobaini na mbili, nasubiri maji yakae kwenye mto usiojua masika wala bamvua yangu.

Tunayemsubiri anaitwa stilihedi. Kwa wasomaji wa nyumbani: ni trauti aliyekwenda baharini. Anazaliwa mtoni, anakaa huko mwaka mmoja hadi mitatu, kisha anateremka Pasifiki kula na kunenepa, halafu anarudi kwenye mto uleule kutaga. Samoni wa Pasifiki wakishataga, karibu wote wanakufa. Huyu anaweza kutaga, akarudi baharini, na mwaka mwingine akapanda tena. Kazini kuna dada mmoja wa Nyeri, nilipomwonyesha picha alisema, "Si hii ni trauti ya Kiganjo?" Nikacheka, nikadhani ananitania. Kumbe ana haki. Wale trauti wa upinde wa mvua waliopelekwa kwenye mito ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare enzi za ukoloni, ambao mbegu yao inazalishwa Kiganjo mpaka leo, ni jamii ileile moja, Oncorhynchus mykiss. Tofauti ni kwamba wa Nyeri hana njia ya bahari, na huyu anayo.

Wale wa msimu wa baridi wanaingia mitoni kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na dhoruba ndiyo inayowafungulia mlango. Mto ukijaa, wanapanda. Ukianza kupungua na kusafika, wanasimama kupumzika, na hapo ndipo unapata siku mbili, pengine tatu, za kuwatafuta. Mito yenyewe haisafiki kwa pamoja. Kilchis mfupi huwa wa kwanza, Wilson na Trask wanafuata, Nehalem unaweza kuusubiri mpaka usahau ulikuwa unasubiri nini. Ukichagua vibaya umepoteza mafuta ya gari na usingizi. Tulichagua Wilson.

Kutoka Portland unafuata barabara namba 6 kupanda milima ya pwani. Gizani huoni kitu, lakini pande zote mbili ni msitu ulioungua mwaka 1933, ukaungua tena 1939, ukaungua tena 1945, na tena 1951. Kila baada ya miaka sita, kama ahadi. Watu wa hapa waliupanda upya kwa mikono, hadi watoto wa shule wakatolewa madarasani kwenda kupanda miche. Jamaa yangu anapenda kuisikia hadithi hiyo, na mimi napenda kumsimulia, kwa hiyo tunairudia kila safari.

Chai ya tangawizi niliyoipika saa tisa usiku niliisahau juu ya bati la gari. Ilidondoka kabla hatujafika barabara kuu. Sitaki kuizungumzia.

Tulifika kukiwa na weupe kidogo mashariki. Kipimo kilisema futi 5 na nusu. Nikavaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, nikakaza mkanda kiunoni (ukianguka, mkanda ndio unaozuia maji yasikujae miguuni), nikaingia mpaka magotini na kutazama chini. Kuna mzee mmoja Mzungu, nadhani alistaafu siku nyingi, ambaye mwaka juzi alituonea huruma akatupa kanuni yake: ukisimama magotini usione viatu vyako, rudi nyumbani, ukiviona vizuri mno, pia rudi. Leo niliviona kama unavyomwona mtu nyuma ya pazia. Maji yalikuwa ya kijani, si kijani cha majani bali cha chupa ya kioo iliyosuguliwa na mchanga. Wavuvi wa huku rangi hiyo wameipa jina la samaki mwenyewe. Nilisimama pale nikajisikia kusema kwa sauti, "Yamekaa."

"Nani amekaa?" akauliza jamaa yangu.

Zana zangu ni hivi: fimbo ndefu, uzi, chelezo cha kuelea juu, chubwi ndogo ya kuzamisha uzi chini yake, kisha ndoana, na vidole viwili juu ya ndoana, shanga. Ndiyo, shanga. Moja, ya plastiki, rangi ya chungwa lililopauka, inafanana na yai la samoni linalosombwa na mkondo. Unaibana kwenye uzi kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno. Mwanamume wa Pangani kuingia dukani kununua shanga, kuchagua rangi, kuzigeuza geuza kwenye mwanga, na wakati wote huo hana kiuno anachokifikiria! Baba nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema huko Marekani kweli mna mambo.

Kazi yenyewe ni kutafuta mahali ambapo maji makali yanapakana na maji ya pole, yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Maji yakiwa mengi hivi samaki hakai katikati. Anajibanza kando, wakati mwingine hatua nne tu kutoka ukingoni, mahali ambapo mgeni anapakanyaga akienda kutupa mbali. Unatupa juu, chelezo kinateremka, unakitazama mpaka mwisho, unarudisha. Unasogea hatua moja. Unatupa tena. Wenyeji wanamwita samaki wa mitupo elfu, na baada ya misimu miwili mitupu niliamini wanapunguza hesabu.

Saa tatu na nusu hivi chelezo kilizama.

Sikumbuki kukaza fimbo. Nakumbuka rili, kile kigurudumu cha uzi, ikilia, na kitu cheupe kikiruka nje ya maji mbali kabisa na pale nilipokuwa natazama, nikawaza, tazama, kuna samaki mwingine. Ndiye alikuwa wangu. Alishuka na mkondo, nikamfuata ukingoni juu ya mawe kama mtu anayekimbiza kofia. Jamaa yangu alikuwa nyuma akipiga kelele kwa Kiswahili, Kibembe na Kifaransa kwa pamoja. Baba alinifundisha mshipi wa mkononi, unamsikia samaki kwenye ngozi ya kidole: akivuta unampa, akichoka unadai. Fimbo ni kitu kingine, lakini kidole kilikumbuka.

Alipolala ubavu kwenye maji ya kina kifupi nilipiga magoti kando yake. Alikuwa jike, ratili kumi hivi kwa kukisia, mgongo wa rangi ya chuma, ubavu wa fedha ambao ulikuwa haujaanza kuonyesha wekundu wa mtoni. Karibu na pezi la nyuma ya tumbo walikuwa wamemganda chawa wa bahari watatu, kahawia, kila mmoja na nyuzi mbili ndefu zikiburutika nyuma. Chawa hao hawastahimili maji baridi yasiyo na chumvi. Siku chache tu wanadondoka. Kwa hiyo huyu dhoruba ilimkuta baharini. Wakati nahangaika na chaji ya simu yeye alikuwa bado anaogelea Pasifiki.

Kisha nikatazama mgongoni, kati ya pezi kubwa na mkia. Pale kuna kipezi kidogo cha nyama, laini, kama ncha ya kidole cha mtoto. Samaki waliozalishwa vituoni hukatwa kipezi hicho wakiwa wadogo, na hao ndio unaoruhusiwa kubeba kwenye mto huu. Wa kwangu alikuwa nacho, kizima. Samaki wa asili. Sheria inasema anarudi.

"Sasa piga picha tumubebe," alisema jamaa yangu.

"Ana kipezi."

Aliinama akakitazama, akakigusa kwa kidole. "Kaka. Miaka miwili. Na unamurudisha? Kwetu Uvira hata ndakala hatuirudishaka." Ndakala ni dagaa wa kwao.

Sitajifanya mtakatifu. Kuna watu huku wanazungumzia kumwachia samaki kana kwamba ni ibada, na huwa siwaelewi. Kumsumbua kiumbe nusu saa, kumpiga picha, kumwambia kwaheri: kama hupangi kumla, mwache alipokuwa. Nimelelewa kwamba riziki haichezewi. Wakati huohuo nilikuwa nimepanda gari saa kumi alfajiri nikijua fika kwamba wengi wanaopanda mto huu kipezi chao kizima, kwa hiyo hata mimi nina kesi ya kujibu. Nilichojua pale, mikono ikiwa kwenye maji ya nyuzi sita, ni kwamba tumbo lilikuwa limejaa mayai na lilikuwa gumu kama papai bichi.

Nilimgeuza kichwa kielekee mkondo. Matamvua yakafunguka, yakafunga. Alikaa kwenye viganja vyangu muda ambao sikuuhesabu, kisha akajikunja mara moja tu, akanirushia maji usoni, akaondoka.

Jamaa yangu alinuna kama dakika kumi. Halafu akaanza mwenyewe: siku hizi, akasema, hata Ziwa Tanganyika wanalifunga miezi mitatu ili samaki wazae, nchi zote zilizolizunguka ziwa, na ndugu zake wanalalamika, lakini mama mkwe wake anasema ndakala zimerudi kuwa nene. Alisema hivyo akitazama chelezo chake, si mimi. Saa sita naye akanasa mmoja, mkubwa kuliko wangu kwa maelezo yake, akakatika kwenye gogo kabla hatujamwona. Hatukuguswa tena na kitu. Saa nane mvua ikaanza upya.

Jioni, saa moja, nilimpigia baba. Pangani ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, ametoka msikitini. Picha nilikuwa nimeshamtumia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Samaki wako nimemwona. Huyo jana au juzi alikuwa baharini."

Sikuwa nimemwandikia neno lolote. "Umejuaje?"

"Si ana chawa? Nimemvuta picha nikamkuza." Alisikika amejiridhisha. Kisha: "Mbona mkono wako uko ndani ya maji?"

Nilinyamaza.

"Umemwachia."

"Nimemwachia, baba."

"Jike?"

"Jike. Na mayai."

Kimya. Nilisikia jogoo, nikasikia pikipiki ikipita, na mtu akifagia uwanja.

"Na leo mmekula nini hapo nyumbani?"

"Maharage."

Baba alicheka mpaka akakohoa, halafu nikamsikia akimwita mama aache kufagia, aje asikie.