Mwaka wa kwanza UDOM: krediti, koziweki na bumu

Wadogo zetu mnaoripoti Chimwaga, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwaka huu, mwaka wa kwanza chuo kikuu huamuliwa mapema mno, mara nyingi kabla ya wiki ya nane ya muhula wa kwanza. Aliyesajili kozi zake sawasawa, akaingia kwenye tesiti ya kwanza akiwa amejiandaa, na bado ana hela ya kula, huyo UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, inamkuta amesimama. Aliyechelewa kwenye hayo matatu anaingia chumba cha mtihani na deni la alama ambalo msuli (kusoma kwa nguvu) wa usiku mmoja hauwezi kulilipa. Hapa tunazungumzia hizo wiki nane.

Kwanza mjue mmefika wapi. UDOM ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2007, kilometa kama nane mashariki ya mji wa Dodoma. Ukumbi wa Chimwaga mtakaouona ndimo mkutano mkuu wa CCM ulimomteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na huyohuyo akaja kuwa mkuu wa kwanza wa chuo. Elimu ya juu nchini ilianza Oktoba 1961 Dar es Salaam kwa wanafunzi 14 wa sheria. Ukiwa na picha hiyo kichwani unaelewa kwa nini chuo cha umma cha ukubwa huu kilijengwa katikati ya nchi: mtoto wa mkulima wa Mpwapwa au Manyoni asome bila kutegemea mfuko wa baba yake. Kitanda unacholalia na kiti unachokalia ni kodi ya watu, na inauma kuona nafasi hiyo ikipotea kwa sababu ya fomu ambayo haikujazwa.

Tuanze na usajili, maana huko ndiko wengi wanakojikwaa bila kujua. Mpangilio ni huu: unaingia kwenye SR2, mfumo wa chuo wa mtandaoni wa usajili, unatoa kontroo namba (namba ya kulipia), unalipa benki au kwa simu, unasubiri malipo yasome, ndipo unasajili kozi za muhula. Kulipa ada si kusajili kozi. Kila mwaka wapo wanaolipa, wanapata kitambulisho, wanahudhuria vipindi vyote, na jina lao halimo kwenye orodha ya mwalimu kwa kuwa hatua ya mwisho hawakuikamilisha. Tesiti wanafanya, karatasi zinasahihishwa, alama hazina pa kuingia. Ukimaliza kusajili, toa nakala ya orodha ya kozi zako, iweke, na uilinganishe na ratiba: kozi mbili za hiari zikigongana saa, badilisha ndani ya muda wa kuongeza na kuacha kozi. Muda huo ukipita, utabeba mgongano huo muhula mzima.

Njoo na vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita pamoja na cheti cha kuzaliwa, na hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi, hadi kwenye akaunti ya benki. "Mohamed" kwenye cheti na "Mohammed" benki yanatosha kukwamisha fedha. Kama majina yanatofautiana kweli, shughulikia hati ya kisheria ya majina ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukiwa chuoni kila safari ya mjini ni nauli na kipindi kilichokupita. Bima ya afya nayo ilipwe mapema. Bima ya NHIF ya mwanafunzi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na asiyekuwa nayo hugundua thamani yake siku anayougua.

Sasa krediti, neno ambalo kila mtu hulitaja na wachache hulipigia hesabu. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, kwa hiyo digrii ya miaka mitatu ni 360. Muhula mmoja basi ni krediti 60, sawa na saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki, yaani kazi ya mwajiriwa wa kutwa. Chukua kozi moja ya krediti 10: ina saa 100. Ikiwa mwalimu anafundisha saa mbili kwa wiki, kwa wiki 15 amekupa saa 30. Zile 70 zilizobaki ni semina, kazi za kuandika, diskasheni na kusoma peke yako. Anayetoka kidato cha sita amezoea ratiba iliyojaa asubuhi hadi jioni. Akiona ratiba ya chuo ina Jumatano nyeupe tupu anadhani amepumzishwa. Jumatano hiyo ni sehemu ya zile saa 70, ila hakuna kengele ya kuitangaza.

Namna nzuri ya kuzitumia: kipindi kikiisha, soma madesa (notisi) ya mada hiyo ndani ya saa 24, kisha andika kwa maneno yako nusu ukurasa wa ulichoelewa. Kiingereza cha mihadhara ndicho kikwazo cha wengi wiki za mwanzo, hasa wanaotoka shule ambako mwalimu alifafanua kwa Kiswahili. Jadilini kwa Kiswahili mpaka mada ieleweke, hakuna ubaya, lakini majibu muyaandike kwa Kiingereza kuanzia wiki ya kwanza, kwa sababu pepa haitafsiriwi. Kundi la diskasheni liwe la watu wanne au watano. Likifika kumi, wawili wanafundisha na wanane wanasikiliza. Na pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita, zitafute mapema: zinaonyesha mwalimu anauliza kwa mtindo gani. Kukariri majibu ya pasti pepa ni hatari, maana swali likigeuzwa kidogo tu unabaki na jibu lisilo na swali.

Koziweki, yaani tesiti na kazi za ndani ya muhula, kwa kawaida ni alama 40 na UE ni 60. Mgawanyo unaouona mara nyingi ni tesiti mbili za 15 kila moja, na 10 za kazi za kuandika na semina, ingawa kila mwalimu hutoa mpangilio wake kwenye karatasi ya utangulizi wa kozi. Isome. Fanya hesabu ndogo: ukiwa na 30 ya koziweki unahitaji 40 tu kati ya 60 kufika 70, ambayo ni A. Ukiwa na 15, A kwako ingehitaji 55 kati ya 60, jambo ambalo ni wachache mno wanaoliweza. Tesiti ya kwanza, inayokuja wakati bado mnatafuta madarasa yako wapi, ina uzito huohuo wa alama 15. Soma pia kanuni za mitihani za chuo uone masharti ya kuruhusiwa kufanya UE, ikiwemo mahudhurio na alama za chini za koziweki.

Kazi za makundi zina mtego wake. Watu kumi wanaandikwa majina, mmoja anafanya kazi, na akinakili mtandaoni mnabeba kosa wote. Sisi tunashauri kila mwanakundi aandike aya yake kwa jina, kisha kundi zima lisome kazi kamili kabla CR (kiongozi wa darasa) hajaipeleka. Ukiumwa siku ya tesiti, nenda hospitali siku hiyohiyo na upeleke cheti cha daktari idarani mara moja. Maelezo ya mdomo wiki mbili baadaye hayasaidii kitu.

GPA, yaani wastani wa pointi zako, inahesabiwa hivi: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zidisha pointi kwa krediti za kozi, jumlisha, gawanya kwa jumla ya krediti. Kozi sita za krediti 10 zenye A, B+, B, B, C na C zinatoa pointi 190 kwa krediti 60, yaani 3.16. Inaandikwa 3.1, kwa sababu desimali hukatwa bila kukaribishwa juu. Kwa hiyo 3.49 ni 3.4, daraja la pili la chini, huku la pili la juu likianzia 3.5. Kuna watu wanakosa daraja kwa C moja ya kozi nzito ya mwaka wa kwanza waliyoiona ya kupita tu. Ukipata sapu (mtihani wa marudio), ukiifaulu unapewa C hata kama umeandika majibu ya A; ukiishindwa unaibeba mwaka unaofuata juu ya kozi mpya. GPA ya mwaka ikiwa chini ya 2.0, kudisko (kuondolewa chuoni) kunabisha hodi.

Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi kwa wanufaika wa HESLB (Bodi ya Mikopo) imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, nayo huja kwa mkupuo. Chukua mkupuo wa siku 60, shilingi 600,000. Siku ileile ya kuupokea, toa 30,000 za kuprinti na madesa, 30,000 za bando, 30,000 za nauli, na 90,000 za akiba usizozigusa. Zinabaki 420,000, ambazo ni 7,000 kwa siku au 49,000 kwa wiki. Ziache benki na utoe za wiki moja tu. Ile akiba ya 90,000 inakulisha karibu siku 13 mkupuo unaofuata ukichelewa, na huchelewa kwa sababu zinazojulikana: hukusaini kwa alama za vidole kwa wakati, usajili haujakamilika, taarifa za benki hazilingani, au matokeo ya muhula hayajafika Bodi. Sababu tatu za mwanzo ziko mikononi mwako. Mkopo huo pia unalipwa: ukiajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Nafuu ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021.

Kuhusu maisha ya kawaida sina mengi. Dodoma iko juu ya mita 1,000 na Juni na Julai upepo ni mkali, usiku ni baridi ya sweta na blanketi zito. Mafuta ya kupaka yasikosekane, ngozi hupasuka. Ndoo yenye mfuniko ni muhimu kuliko pasi. Anayepanga nje ya chuo, Ng'ong'ona, ahesabu umbali wa kurudi usiku kutoka maktaba kabla hajalipa kodi ya miezi sita.

Na utafiti. Wengi huanza kuutafuta mwaka wa mwisho, wakati mkoa uliowazunguka umejaa maswali tangu siku ya kwanza. Kondoa, ambako mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi ulianza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979, bado ina wazee wa kuulizwa. Kongwa imetafitiwa trakoma, ugonjwa wa macho, kwa miaka mingi. Kolo ina michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Weka daftari moja la maswali tangu sasa. Utakapofika wakati wa kwenda uwandani, barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji, na kila meza inaweza kula wiki nzima; kwa hiyo iombe barua hiyo mara tu msimamizi wako anapoidhinisha pendekezo, huku dodoso likiendelea kurekebishwa.