Nilivyoanza konsaltansi ya NGO, na ile asilimia 10 iliyonitesa

Mi nilikuwa afisa miradi kwenye NGO miaka 6, mradi ukaisha na ajira ikaishia hapo hapo, nikasema ngoja nijiajiri niwe konsaltanti. Kosa langu la kwanza nilijitangaza nafanya kila kitu, maandiko ya kuomba ufadhili, tathmini, mafunzo, mpango mkakati, mpaka sera za fedha. Kumbe mtu akiona unafanya vyote hajui akuite kwa lipi. Miezi minne simu kimya.

Kazi ya kwanza ikatoka kwa asasi moja ndogo ya watu wanne. Mkurugenzi akaniambia, ndugu yangu hela hatuna, we tuandikie andiko, likipita tunakukatia asilimia 10 ya hela itakayotoka. Nikaona si mbaya, nikakesha wiki tatu na logfremu, yaani lile jedwali la malengo ya mradi na namna ya kuyapima, na bajeti, na likapita kweli! Furaha haikufika mbali. Mfadhili analipia vilivyomo kwenye bajeti tu, tena kuanzia tarehe mradi unapoanza, kazi iliyofanyika kabla ya hapo haimhusu, kwa hiyo asilimia yangu haikuwa na pa kutokea labda wachomoe kwenye hela ya walengwa, na hapo ndo unamtafutia mwenzako kesi na mkaguzi. Mkurugenzi anaona aibu, mi nna hasira, na ukweli wote wawili tulikubaliana kitu tusichokijua. Baadae ndo nakuja kusoma kwamba AFP, chama cha wachangishaji fedha chenye makao Marekani, maadili yao yanakataza kabisa kulipwa kwa asilimia ya hela iliyopatikana. Ningejua mapema jamani.

Toka siku hiyo naweka bei ya kazi yenyewe, nusu kabla sijagusa kitu na nusu nikikabidhi, lipite lisipite. Waliokimbia wamekimbia.

Sasa kilichonitoa sio maandiko hata. Yule yule mkurugenzi alinipigia baada ya robo ya kwanza ya mradi, ripoti ya fedha imekataliwa na mfadhili na awamu ya pili ya hela imezuiwa. Nikaenda kukuta risiti ziko kwenye boksi, nyingine hazina tarehe, mafuta ya gari yameandikwa kwenye mstari wa bajeti wa mafunzo, yaani vurugu, ila wizi hakuna, ni mhasibu mmoja kuzidiwa tu. Nikakaa nae siku tano, tukatengeneza shiti moja ya Excel, kila matumizi na mstari wake wa bajeti, namba ya hati na salio lililobaki, basi. Ripoti ikapita, hela ikatoka, alaf akawasimulia wakurugenzi wenzake bila mi kumuomba. Ndo nikafuta ile orodha yangu ndefu nikabaki na ripoti na mifumo ya fedha, na uzuri wake kazi hii asasi inaweza kuiweka kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, mfadhili akikubali unalipwa kihalali kabisa bila kuviziana.

Pigo lingine lilikuja Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Nilikuwa na wateja watano, nikajiona nimejipanga, kumbe watatu hela yao inatoka mkondo mmoja, huo huo wa Marekani, wakasimama wote wiki moja na invoisi zangu mbili zikiwa mezani. Moja ililipwa baada ya miezi, nyingine mpaka leo bado. Kwa hiyo siku hizi kikao cha kwanza kabisa nauliza nani anawafadhili na mkataba wake unaisha lini, wengine wanashtuka kama nawapeleleza, ila nauliza tu, na sikubali zaidi ya nusu ya wateja wangu wawe wanamtegemea mfadhili mmoja.

Yule mkurugenzi wa kwanza bado tuko nae. Ile asilimia 10 hajawahi kunilipa na mi nshaacha kuuliza.