Uzi wa G ulivyonionyesha ugonjwa wa amplifaya yangu

Amplifaya yangu ya besi ina zaidi ya miaka 30. Ni ya transista, boksi moja zito lenye spika ya inchi 15, na niliipenda tangu siku ya kwanza kwa jinsi noti za chini zinavyotoka nene bila kuchafuka. Ndiyo maana iliniuma ilipoanza kuvuma. Mwanzoni nilidhani ni masikio yangu. Miezi michache baadaye mvumo ulikuwa unajaza kila pengo kati ya noti na noti, na mpiga besi anajua kwamba mapengo yale ndiyo nusu ya kazi yake. Kisha ukaongezeka mkwaruzo wa kuja na kuondoka, na mara mojamoja sauti ilizama kabisa, ikarudi yenyewe.

Karibu kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: amplifaya ikizeeka, badilisha kapasita zote, yaani vile vijenzi vinavyohifadhi chaji ya umeme. Sikuukubali. Kapasita huchakaa kweli, lakini kubadilisha kila kitu kabla ya kujua kelele inaingilia wapi ni kubahatisha. Isitoshe, kila unapoweka pasi ya kulehemu kwenye bodi ya zamani unaweza kubandua njia yake ya shaba na kuzaa tatizo jipya. Nilitaka kwanza niifuate kelele hadi pale inapoingilia.

Nilianza bila kugusa bisibisi. Nikachomoa gitaa, pedali zote, na waya ulioiunganisha amplifaya na kompyuta ninayorekodia. Mvumo ukapungua kidogo, haukwisha. Kile kidogo kilitokana na vifaa viwili kuchomekwa kwenye soketi za kuta mbili tofauti huku waya wa sauti ukiviunganisha, hivyo ethi, yaani waya wa usalama unaoelekea ardhini, ikawa na njia mbili na ikazunguka. Nilivichomeka vyote pamoja kwenye soketi moja, sehemu hiyo ikanyamaza. Wapo wanaokata ethi kwenye plagi ili kumaliza kelele ya namna hii. Tafadhali usifanye hivyo kamwe. Siku umeme ukivujia kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma ya amplifaya, ethi ndiyo inayokukinga, na nyuzi za gitaa unazozishika zimeungana na chasisi hiyohiyo.

Mvumo mkuu ulibaki palepale. Nikashusha nobu ya sauti hadi sifuri: haukubadilika hata chembe. Hapo nilijua mengi kwa mpigo mmoja. Kelele inayopanda na kushuka pamoja na nobu imeingia kabla ya nobu. Isiyoijali nobu imeingia baada yake, kwenye hatua ya mwisho ya kukuza nguvu au kwenye pawa saplai, sehemu inayoiandalia amplifaya umeme wake. Nusu ya amplifaya ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kilichofuata ndicho kilichonifurahisha kuliko yote. Katika nchi nyingi umeme wa ukutani ni wa Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na mvumo unaonaswa kutoka kwenye transfoma au nyaya za jirani huja kwa kasi hiyohiyo. Lakini umeme ukishapita kwenye dayodi nne zinazougeuza kuwa wa upande mmoja, mawimbi yanayobaki huwa 100 kwa sekunde, na kazi ya zile kapasita kubwa ni kuyalainisha. Sasa, uzi wa G wa besi ukipigwa wazi hutoa Hz 98. G ya oktava ya chini, inayopigwa kwenye freti (kipande cha chuma shingoni mwa gitaa) ya tatu ya uzi wa E, ni Hz 49. Kumbe kipimo nilikuwa nacho mkononi muda wote.

Nikachomeka gitaa tena, nikaweka sauti ilingane na mvumo, nikapiga G wazi. Noti na mvumo vikaanza kusukumana, wuu, wuu, wuu, kama mara mbili kwa sekunde, ambayo ndiyo tofauti ya 98 na 100. Nikakaza ufunguo wa uzi taratibu. Msukumano ukapungua, ukarefuka, ukatulia, noti na mvumo vikawa kitu kimoja. Ili nisidanganyike na oktava nikapiga na freti ya tatu ya uzi wa E, na mvumo ulisikika wazi uko juu yake. Basi ilikuwa Hz 100: umeme ambao haukulainishwa vizuri. Pale ambapo umeme ni wa Hz 60, kama Marekani, mvumo wa namna hii ungekuwa Hz 120, na ungeangukia kati ya freti ya tatu na ya nne ya uzi huohuo wa G.

Kabla ya kufungua nilimalizana na mkwaruzo. Nyuma ya amplifaya kuna matundu mawili ya pedali, moja la kutolea sauti na moja la kurudishia. Usipoyatumia, sauti hupita kwenye kijibati cha ndani ya tundu la kurudishia, na kijibati kikipata kutu sauti hukatika. Nikachukua kebo fupi nikayaunganisha matundu hayo mawili. Mkwaruzo ukatoweka, na ile tabia ya kuzama ikaisha. Baadaye nilipuliza dawa ya kusafishia viunganishi, nikachomeka na kuchomoa plagi mara kadhaa, na kebo fupi haikuhitajika tena. Nadhani amplifaya nyingi zimehukumiwa kufa kwa kosa la kijibati hiki.

Kisha nikafungua. Yangu hubeba takriban volti 45 kila upande, chanya na hasi. Amplifaya za vali hubeba volti 400 na zaidi, na hizo mpelekee fundi anayezijua. Hata hizi za transista haziguswi ovyo: kapasita hubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo niliitoa kwa rezista ya omu 100 ya wati 5, nikahakikisha kwa mita kabla ya kuingiza kidole.

Kwa macho kapasita zote mbili, za mikrofaradi 4,700 na volti 63, zilikuwa safi; hazikuvimba wala kuvuja. Fundi wa kukisia angeziacha. Nikawasha tena, mkono mmoja nyuma ya mgongo, nikaweka mita kwenye volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi) na kupima mawimbi yaliyobaki. Upande wa hasi: volti 0.06. Upande wa chanya: volti 0.7. Pande hizo mbili zilijengwa sawa, kwa hiyo sikuhitaji mchoro wala kitabu. Ule mzima ulinieleza hali ya ule mgonjwa.

Chini ya kapasita ya upande wa chanya niliona ufa mwembamba wa duara kwenye lehemu. Nikalehemu upya, nikapima: 0.7 ileile. Nashukuru nilipima badala ya kufunga kwa furaha. Kapasita yenyewe ilikuwa imekauka ndani. Nilibadilisha zote mbili, kwa kuwa umri wao ni mmoja, nikaweka zinazostahimili hadi nyuzi joto 105, nikakagua alama ya hasi mara mbili kabla ya kulehemu. Pande zote zikasoma 0.06.

Bado kuna shhh ndogo nikipandisha trebo, na inafuata nobu ya sauti, maana yake inatoka kwenye hatua ya mwanzo. Nimeiacha. Ikianza kusikika juu ya muziki nitaifuata nayo.

Jioni ile niliwasha, nikasogeza sikio hadi kwenye wavu wa spika, nikasikia kimya. Nikapiga noti ya kwanza na ikatoka juu kuliko inavyopaswa: uzi wa G ulikuwa bado kwenye Hz 100 nilikouacha. Nikaulegeza ufunguo, nikaurudisha kwenye 98.