Maneno Kumi na Matano

Kura yangu ya kwanza katika nchi hii ya Marekani niliipiga hapa Houston, mwishoni mwa Oktoba 2015, asubuhi, nikitoka zamu ya usiku na sare zangu za kazini. Nilipewa kikaratasi chenye tarakimu nne, nikaziingiza kwenye mashine, nikazungusha lile gurudumu dogo hadi nikafika Pendekezo Namba 1. Swali lilikuwa refu, likiuliza kama tunaiunga mkono sheria ya jiji inayokataza ubaguzi. Nikalisoma lote, nikachagua ndiyo, nikabonyeza kitufe chekundu. Tarehe 3 Novemba tukashindwa: kama asilimia 61 walisema hapana, 39 tukasema ndiyo.

Miaka zaidi ya kumi imepita na bado inaniuma, hasa nikikumbuka tulivyoshindwa.

Sheria yenyewe ilikuwa sheria ndogo ya jiji. Baraza la madiwani liliipitisha tarehe 28 Mei 2014, kura 11 kwa 6, wakati wa Meya Annise Parker. Jina lake ni Houston Equal Rights Ordinance, sheria ya haki sawa ya Houston; kwa kifupi waliiita HERO, neno ambalo kwa Kiingereza ni shujaa. Ilikataza mtu kubaguliwa kazini, kwenye nyumba za kupanga, madukani na katika huduma za jiji. Anayekiuka angeweza kutozwa faini hadi dola 5,000. Taasisi za dini ziliachwa nje. Dallas walikuwa na sheria ya namna hii tangu 2002, San Antonio tangu 2013. Sisi, jiji kubwa kuliko yote Texas, hatukuwa nayo.

Mimi sikuhitaji kuhubiriwa. Mwaka 2009 nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga, nina watoto wawili wadogo na wa tatu tumboni. Nilipiga simu mahali fulani, yule dada wa ofisini akaniuliza lafudhi yangu ni ya wapi, nikamwambia Tanzania. Akauliza tuko wangapi, nikamwambia. Akasema vyumba vimejaa, pole sana. Mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa hapahapa, akapiga simu hiyohiyo baada ya dakika kumi. Akaambiwa vipo vitatu, aje achague. Nilikaa kwenye gari na watoto, nikashindwa hata kuwasha injini.

Ndiyo, kuna sheria ya Washington ya mwaka 1968 inayokataza hayo. Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Lakini mtu anayebeba boksi kwa zamu mbili, hajui mlango wa ofisi ya serikali kuu wala hana hela ya wakili, sheria ya mbali inamsaidia nini? Hii ya jiji ingenipa mahali pa kwenda kulalamika, hapahapa mjini.

Kwa hiyo mwaka 2015, nilipopata uraia na kujiandikisha kupiga kura, nikajitolea kwenye chama cha Wademokrati. Hapa wagombea wa udiwani na umeya hawaandikwi chama chao kwenye karatasi ya kura, lakini kila mtu anajua nani ni wa wapi. Wademokrati wengi walikuwa upande wa ndiyo. Warepublican wakubwa wa jimbo, akiwemo naibu gavana Dan Patrick, walikuwa upande wa hapana.

Sheria ilifikaje kwenye kura? Wapinzani walikusanya sahihi, zilitakiwa 17,269. Jiji likasema karatasi nyingi zina kasoro, wapinzani wakaenda mahakamani. Katikati ya kesi, Oktoba 2014, ikajulikana kwamba mawakili wa upande wa jiji wamewataka wachungaji watano wakabidhi mahubiri yao. Mahubiri! Meya aliliondoa dai hilo kabla mwezi haujaisha, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Watu wakamtumia Biblia kwa posta kutoka kila pembe ya nchi. Nasema hili nikiwa upande wake: lilikuwa kosa kubwa, na kwenye makanisa yetu ya Waafrika halikusahaulika hadi siku ya kura. Julai 2015 Mahakama Kuu ya Texas ikaamua: baraza liifute sheria au liipeleke kwa wananchi. Likaipeleka kwa wananchi.

Ndipo vikaja vyoo. Kwa kuwa sheria ilimlinda mtu pia kwa utambulisho wake wa kijinsia, wapinzani walisema itawaruhusu wanaume kuingia vyoo vya wanawake. Tangazo la televisheni lilimwonyesha mtoto wa kike anaingia chooni na mwanaume anamfuata. Mabango yakasema hakuna wanaume kwenye vyoo vya wanawake. Lance Berkman, aliyekuwa mchezaji wa besiboli wa Astros, mtu anayependwa hapa, alitokea kwenye tangazo akiongelea mabinti zake. Hakukuwa tena na nyumba, kazi, ujauzito wala wazee. Choo tu.

Kwenye kikao cha wajitoleaji niliuliza, nani anaenda kwenye ibada za Kiswahili, za Kiyoruba, za Kiamhari? Wakanitazama. Kijana mmoja akasema orodha yetu ya milango ya kubisha hodi imetoka kwa waliopiga kura chaguzi zilizopita. Sisi raia wapya tutatoka wapi kwenye orodha hiyo? Nikaomba nakala ya sheria, nikaenda nayo nyumbani.

Jumamosi moja nikawaita akina mama wa kwaya waje jikoni kwangu. Nikawa nakaanga maandazi huku nasoma. Nilikuwa nimeandika kwa mkono, Kiswahili, sifa zote 15 ambazo sheria inazilinda: jinsia, mbari, rangi, kabila, taifa alikotoka mtu, umri, kuwa na watoto, hali ya ndoa, utumishi jeshini, dini, ulemavu, mwelekeo wa kimapenzi, taarifa za vinasaba, utambulisho wa kijinsia, ujauzito.

Nilipofika kwenye vinasaba wakaniuliza ndiyo nini. Nikaeleza: vile vitu vya kurithi vilivyoko kwenye damu, mwajiri asikukatae kwa sababu hiyo. Mmoja ana mtoto wa selimundu. Akaacha andazi lake kwenye sahani, akasema, "Kumbe na huyu wangu yumo?" Yumo. Mwingine akagusa neno ujauzito kwa kidole, hakusema kitu, na sote tulijua alivyopunguziwa saa kazini mwaka uliotangulia.

Kati yetu alikuwepo Bibi. Tunamwita hivyo kwa umri wake, ndiye aliyetupokea wengi wetu tulipofika. Akaomba kalamu, akavaa miwani, akaanza kuweka alama ya vema mbele ya kila neno. Akaweka kumi na tatu. Mawili akayaruka, mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia.

"Mwanangu," akasema, "hayo kumi na matatu sina ugomvi nayo. Haya mawili siyawezi. Na vyoo pia."

"Bibi, neno choo halimo humu. Kifungu kilichotaja vyoo kilitolewa kabla madiwani hawajapiga kura. Na jiji lina sheria nyingine ya zamani, mtu hawezi kuingia choo cha jinsia nyingine kufanya fujo."

"Kama halimo, mbona mji mzima wanaongea choo?"

Hapo nilikuwa na jibu, na sikulitoa. Kazini kwetu, zamu ya usiku, alikuwepo mtu aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza mgongo wala kujiumiza mimi. Alizaliwa akaitwa mvulana, anaishi kama mwanamke. Kwa saa kumi na mbili hakuwa akienda haja, akiogopa macho ya watu mlangoni. Nilimwona akikataa maji usiku kucha, sisi tunatoka jasho. Nilikuwa naye kooni pale jikoni, maandazi yanaungua, nikaangalia wale mama wa kwaya, nikaogopa watakavyonitazama Jumapili. Nikanyamaza. Nikasema tu, "Ni siasa, Bibi."

Nimewasikia wenzangu wa chama wakilaumu pesa, matangazo, wachungaji. Yote yalikuwepo. Lakini na sisi tuliokuwa na la kusema tuliogopa kulisema kwa watu wetu, kwa lugha yetu. Upande wa pili hawakuogopa.

Jumapili baada ya matokeo, Bibi alinisubiri nje ya kanisa. Akanishika mkono. "Nilipiga hapana. Sikutaka uyasikie kwa wengine."

Nikamwambia asante kwa kuniambia. Halafu, sijui kwa nini wakati ule, pale kwenye maegesho, nikamsimulia habari ya mwenzangu wa zamu. Kiswahili kilinisaidia, maana "yeye" ni yeye tu, haiulizi mwanaume au mwanamke. Nikamweleza kuhusu mgongo, kuhusu maji, kuhusu saa kumi na mbili.

Bibi alisikiliza bila kunikatiza.

"Usiku mzima hajaenda haja?"

"Usiku mzima, Bibi."

Akaachia mkono wangu, akarekebisha kitenge begani, akaniangalia.

"Mbona hukuniambia siku ile?"