Tulianza kabla fedha hazijatajwa: uzoefu wa kamati ya shule yetu

Tangu mwishoni mwa 2022 mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja cha milimani, wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Wenzangu wa vijiji jirani huniuliza tulimpitia nani hadi tukapata vyumba vipya na vyoo vya wanafunzi. Hatukumpitia mtu. Tulijiandaa mapema, fedha zilipopita karibu zikatukuta tuko tayari. Naeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu najua kamati nyingi zina watu wenye moyo, ila zinasubiri kutangaziwa ndipo zikutane.

Wengi tunakumbuka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja. Serikali ilijenga vyumba 15,000 kwa mkupuo, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kwa Sh milioni 20 kila chumba, na kazi ilitakiwa iishe kabla shule hazijafunguliwa Januari. Huku kwetu saruji ilipanda bei maana kila mtu alikuwa ananunua siku zilezile, na fundi mmoja alikuwa akigombewa na shule tatu. Waliokuwa na mawe, mchanga na kiwanja kilichosawazishwa walimaliza wakiwa wametulia. Mimi wakati huo nilikuwa mzazi tu, lakini nililishika jambo moja: kiwango cha fedha kwa chumba ni kilekile popote, kwenye tambarare na kwenye mteremko. Sisi tuko mteremkoni. Msingi wa darasa kwetu unaweza kula mawe na saruji mara mbili ya ule wa bondeni, na hakuna atakayetuongezea kwa sababu ya mlima. Nafuu yetu ni kuchimba, kusawazisha na kukusanya mawe wenyewe, kabla ya siku ya fedha.

Nilipochaguliwa, nilimwomba Mwalimu Mkuu tuanze na hesabu, tusianze na maombi. Tulikuwa na wanafunzi 612 kuanzia awali hadi darasa la saba, wasichana 318 na wavulana 294, ndani ya vyumba 7. Kiwango cha nchi ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja, kwa hiyo tulihitaji vyumba 14. Vyoo vilikuwa na hali mbaya zaidi. Tundu moja linatakiwa lihudumie wasichana 20, au wavulana 25. Maana yake matundu 16 ya wasichana na 12 ya wavulana, jumla 28. Tulikuwa nayo 10, na mawili kati ya hayo nisingemruhusu mtoto wangu ayaingie.

Kisha Mwalimu Mkuu akasema neno ambalo sikulitarajia. "Mama Mwenyekiti, tukiomba vyumba saba vyote leo, miaka michache ijayo viwili vitakuwa havina watoto." Akanieleza kwamba chini ya sera mpya elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Watoto watakaoingia darasa la tatu 2024 watamaliza darasa la sita 2027, mwaka huohuo wa mwisho wa darasa la saba. Kuanzia 2028 shule ya msingi inabaki na darasa moja pungufu, na sekondari ya kata inapokea makundi mawili kwa Januari moja.

Tukaenda zahanati. Mhudumu alitusaidia kuhesabu kwenye daftari la kliniki ya watoto, idadi tu bila majina, ni wangapi wana miaka miwili, mitatu na minne. Ilitoka themanini na kitu kwa kila umri, zaidi kidogo ya wastani wa darasa letu la sasa. Tukapiga hesabu upya: baada ya 2028 tungehitaji vyumba 12 hadi 13, si 14. Tofauti ni ndogo, lakini ilibadilisha mpangilio wetu. Vyoo vikawa vya kwanza, vyumba vya pili, na jengo la utawala, ambalo baadhi ya wajumbe walilipenda sana, tukalisogeza mwisho. Mimi sikutetereka kwenye hilo. Binti wa darasa la sita anayebaki nyumbani siku zake za hedhi kwa sababu choo hakina mlango, hafaidiki na ofisi nzuri ya walimu.

Jambo la pili lilikuwa kalenda, na hapa ndipo nadhani kamati nyingi zinapotelea. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Lakini bajeti ya Julai haiandaliwi Juni. Vipaumbele vya kijiji vinatakiwa vifike kata kati ya Oktoba na Desemba, vijadiliwe na Kamati ya Maendeleo ya Kata, viende halmashauri mwanzoni mwa mwaka, ndipo Bunge lije kupitisha ifikapo Juni. Anayekwenda kwa diwani mwezi wa tano kuomba chumba, amekwenda kuomba mabaki. Na sisi wakulima wa kahawa tuna kalenda yetu pia. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi cha kufyatua na kuchoma tofali na kusomba mchanga. Malipo ya kahawa kutoka chama cha msingi cha ushirika huanza kuingia katika miezi hiyohiyo. Mvua zikishashika, Desemba hadi Aprili, lori halipandi na mfuko wa mtu umekauka. Tulizilaza kalenda hizi mbili pamoja, tukaamua: nguvu za wananchi zifanyike kiangazi cha 2023, ombi liingie kata Oktoba likiwa na tofali nyuma yake.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa angalau kila miezi mitatu, haukuwa mwepesi. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mama Mwenyekiti, tulishachoma tofali hapa, zikaota nyasi. Leo unatuambia tuchome tena?" Nilimjibu, "Baba, una haki ya kuuliza. Safari hii hatuchomi tofali hata moja mpaka mhandisi wa halmashauri aje apige vigingi." Na kweli tulisubiri. Afisa elimu kata alitusaidia kupata mhandisi, akaonyesha choo kikae wapi ili maji machafu yasielekee kwenye chemchemi, na akatuachia ramani pamoja na makadirio ya gharama. Baada ya hapo kila kitongoji kilichukua kazi yake: kimoja tofali, kimoja mawe, kimoja mchanga wa mtoni, kimoja kusawazisha kiwanja.

Kuhusu michango ya fedha tulikuwa waangalifu mno. Elimu ni bila malipo, na tangu 2018 walimu wamekatazwa kukusanya michango. Kwa hiyo mchango ulipitishwa na mkutano wa kijiji, ukapokewa ofisi ya kijiji kwa stakabadhi, na mapato na matumizi yakabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani. Mjane au mgonjwa hakudaiwa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona kijiji kikigawanyika kwa sababu ya mchango wa shilingi elfu tano tu.

Kisha tukatengeneza faili. Ndani yake kulikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya mahudhurio yenye sahihi, barua ya serikali ya kijiji kuthibitisha kuwa eneo ni la shule na halina mgogoro, ramani na makadirio ya mhandisi, takwimu za wanafunzi na matundu, na picha za tofali zilizochomwa na boma la darasa moja, yaani kuta zisizo na paa, lililofika usawa wa lenta juu ya madirisha. Nakala moja ilibaki kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa Afisa Elimu Msingi, moja kwa diwani. Diwani aliniambia baadaye kwamba kwenye kikao alikuwa na cha kushika mkononi, wengine walikuwa wanaongea tu.

Tulilipeleka ombi kwenye zaidi ya mlango mmoja, kila mlango kwa kile unachotoa. Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, kazi yake ni kuchochea miradi ambayo wananchi wameshaianza. Huko hatukuomba darasa, tuliomba bati na mbao za boma letu, na tukapata. Vyoo na vyumba tuliviingiza kwenye mpango wa halmashauri, na katika mwaka wa fedha 2024/25 tukapangiwa fedha za mradi wa BOOST, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia: vyumba viwili na matundu sita.

Fedha zilipoingia kwenye akaunti ya shule, kazi ilienda kwa utaratibu wa force account, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kulipa fundi. Kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi tulikuwa tumeshazichagua mkutanoni. Manunuzi siku hizi hupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na mwenye duka au fundi ambaye hajasajiliwa humo hawezi kupewa kazi hata awe mwaminifu vipi. Tulilijua hilo, tukawahimiza mafundi wa kata yetu wajisajili mapema, na kijana mmoja wa maktaba ya wilaya akawasaidia kwenye kompyuta. Ningeshauri kila kamati ianze na hili, maana linachukua muda na fedha zisizotumika hadi 30 Juni zinaweza kurudi Hazina. Mawe yalikuwepo, kiwanja kilikuwepo, kwa hiyo mteremko haukutula saruji. Salio dogo liliweka milango imara na sehemu ya kunawa kwenye choo cha wasichana.

Sasa tuna vyumba 10 na matundu 16, bado tumepungukiwa matundu 12, na hayo ndiyo yako kwenye faili jipya. Kamati ya shule ya msingi na bodi ya sekondari ya kata tumekubaliana tukae pamoja, kwa sababu watoto wale wa darasa la sita na la saba watakaofika kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028 ni wetu sote. Vyumba vyao vinatakiwa viingie kwenye bajeti isiyopita ya 2027/28, kwa hiyo maombi yawe kata ifikapo Oktoba 2026, na tofali zichomwe kiangazi cha mwaka huo. Eneo la sekondari ni tambarare. Mawe ndiyo yako mbali, na kitongoji cha juu kimeshakubali kuyasomba.