Rubi ya shangazi ina mistari iliyopinda

Jumamosi shangazi alikuja toka Moshi na vitu viwili amevifunga kwenye ncha ya khanga, pete ya rubi na kijiwe cha bluu alichouziwa kama tanzanaiti, akaniambia "baba, hebu nitazamie, maana jirani kanitia wasiwasi". Mi nakata mawe hapa Arusha mwaka wa tisa sasa, na kazi hii ya kuwaangalizia ndugu ndo inayoniumiza roho kuliko zote.

Nikaanza na pete. Nikaweka karatasi nyeupe dirishani, nikashika lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, nikawa naigeuza taratibu. Rangi safi mno, ndani hakuna hata sindano moja, vile vijiti vyembamba vya madini mengine, afu ikajitokeza mistari myembamba imepinda kama ya kwenye sahani ya santuri. Hapo nikajua ni ya kutengenezwa. Rubi ya ardhini mistari yake ya kukua imenyooka na inakutana kwa kona, haipindi hata siku moja.

Ya kupinda inatokana na moto. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza rubi mwaka 1902, unachukua unga wa alumina, yaani oksidi ya aluminiamu, uliochanganywa na kromiamu kidogo, unaudondosha kupitia moto wa oksijeni na haidrojeni, unayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 na kutua juu ya kijiti kinachozunguka huku kinashushwa polepole, na kwa kuwa kichwa cha hilo jiwe linaloota ni cha mviringo kila tabaka linalala limepinda, basi alama inabaki humo milele. Masaa machache tu umepata jiwe. Ila jamani tuelewane, hiyo ni rubi kabisa, ugumu ule ule, uzito ule ule, sema haijatoka ardhini na bei yake ni ndogo sana. Kuiuza sio dhambi. Dhambi ni kunyamaza ukachukua hela ya mama wa watu kwa bei ya rubi ya mgodini.

Kile cha bluu hakikunichukua hata dakika. Chupa, yaani kioo tu. Kingo za mikato, zile nyuso bapa zilizokatwa, zimelegea kama sabuni iliyotumika, ndani kuna viputo viwili vya duara kabisa, na ukikigeuza kila upande bluu ni ile ile. Tanzanaiti geuza uone, huku bluu, huku zambarau, ndo tabia yake.

Shangazi akauliza, "kwani si ya maabara kama hiyo rubi?" Hapana shangazi, tanzanaiti ya maabara sokoni haipo. Ukiambiwa ipo, mara nyingi unapewa chupa au fosteraiti ya kutengenezwa, ambayo ni madini mengine kabisa, na hii ndo hatari zaidi kwa sababu nayo inabadilika rangi. Ichungulie kwa juu na lupu, kingo za mikato ya chini utaziona mbili mbili, kwenye tanzanaiti hazigawanyiki hivyo.

Na wasiwadanganye kwamba tanzanaiti iliyochomwa ni feki. Karibu zote za Mererani, kule zinakochimbwa, zinachomwa, nyuzi 500 au 600 hivi, ule ukahawia unatoka bluu inakuja, jiwe linabaki lile lile.

Pete kaivaa akarudi nayo Moshi, anasema inampendeza. Kile cha bluu kaniachia mezani, na jina la aliyemuuzia amekataa kunitajia.